Uzi maalumu wa wanaorekodi nyumbani: tupeane uzoefu wa kutuma wimbo na kupokea maoni

mwanzisha_uzi

Habari za saa hizi wakuu. Uzi huu ni wa wanaorekodi nyimbo zao chumbani, kwa simu au kompyuta, na kuwapa wenzao wazisikilize kabla hazijatoka. Maoni mengi tunayopeana ni "kali sana mkuu" au "bado bado", na yote mawili hayamwambii mtu akirudi kwenye mradi wake aguse wapi. Naomba mwenye ujuzi aeleze hatua, vipimo na sababu za mambo kuharibika.

Naanza na kutuma, maana nyimbo nyingi huharibikia njiani. Usiurekodi wimbo kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, wala usiucheze kwenye spika huku simu nyingine ikiurekodi. Ujumbe wa sauti umetengenezwa kwa mazungumzo: unabanwa sana na unakuwa mono (kushoto na kulia sauti ile ile), kwa hiyo anayesikiliza anakosoa kitu ambacho hukukitengeneza. Toa MP3 ya kbps 320 (kipimo cha ubora wa faili) na uitume kama hati. Kwa kiwango hicho dakika moja ni kama MB 2.4, yaani wimbo wa dakika nne haufiki MB 10. Kama bando linabana, toa ya kbps 192, inashuka hadi karibu MB 6, na kwa kusikiliza tu inatosha. WAV, faili isiyobanwa, inakula kama MB 10 kwa kila dakika, hiyo mpe atakayekumiksia, yaani kusawazisha sauti yako na biti.

Halafu andika maelezo mafupi chini ya faili: BPM (mapigo kwa dakika), biti, yaani muziki wa nyuma, ni yako au umeipakua mtandaoni, umetumia maiki gani, na swali moja au mawili. Ukiuliza "voko inazama kwenye kiitikio, kuanzia 0:58?" utajibiwa (voko ni sauti ya kuimba). Ukiuliza "mnaionaje?" utapongezwa tu.

fundi_chumba

Chumba kwanza, maiki baadaye. Kasoro inayosikika zaidi kwenye nyimbo za nyumbani ni ile sauti ya mtu aliye bafuni. Ukuta wa matofali, sakafu ya vigae na dirisha la kioo vyote vinairudisha sauti kwenye maiki, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki.

Wengi hutundika blanketi mbele yao, nyuma ya maiki. Hapo halisaidii sana. Maiki nyingi za kondensa (zile nyeti za studio) tunazonunua husikia upande wa mbele, yaani alipo mwimbaji pamoja na ukuta ulio nyuma ya mgongo wake. Blanketi liende huko nyuma ya mwimbaji. Yawe mawili mazito, kutoka usawa wa kiuno hadi juu ya kichwa, na yaning'inie kama sm 10 mbali na ukuta. Kitambaa chembamba kilichobandikwa ukutani kinameza sauti za juu tu na kuziacha za Hz 200 hadi 400, ndiyo maana voko inatoka nzito, kama imefunikwa. Godoro la sponji lililosimamishwa kwenye kona linashinda vitenge vitano. Kabati lililojaa nguo, milango wazi, ukaimba ukiwa umelipa mgongo, nalo linafanya kazi nzuri.

Umbali wa mdomo na maiki: shibiri moja, au pungufu kidogo. Ukisogea zaidi kwenye maiki ya aina hiyo besi ya sauti inavimba. Ukirudi nyuma chumba kinaingia. Igeuze maiki kidogo pembeni ili pumzi ya "p" na "b" ipite kando. Chujio la pumzi unaweza kulitengeneza kwa waya uliokunjwa duara na soksi nyembamba ya kike iliyovutwa juu yake, likae sm 5 hadi 8 mbele ya maiki.

Kiwango cha kurekodia kipime kwa mstari wenye makelele kuliko yote kwenye wimbo. Watu hupima kwa ubeti wa kwanza wakiimba taratibu, kisha kiitikio kinafika na mawimbi yanakatika vichwa. Kilele kwenye kipimo cha programu kikae kati ya -12 na -6 dB, 0 ndiyo mwisho. Sauti ndogo inaongezwa baadaye, lakini iliyopasuka hairudi.

Zima pangaboi na uchomoe friji. Mvua juu ya bati usishindane nayo, subiri ipite. Acha pia sekunde mbili za ukimya kabla ya kuanza kuimba. Ukitumia kipunguza kelele cha programu ya Audacity, hizo sekunde ndizo inazojifunzia kelele. Iweke 6 au 8 dB. Ukizidisha, sauti inakuwa kama inatoka ndani ya maji, na hakuna maoni yatakayoiokoa. Kumbuka inaweza kelele inayoendelea, kama feni. Jogoo na bodaboda haiwezi.

mgeni_wa_biti

Naomba kuuliza. Nina simu tu na hedifoni za bluetooth, na kila nikirekodi voko iko nyuma ya biti. Ni programu au ni mimi?

kebo_tatu

Ni bluetooth, ndugu. Hedifoni hizo kwa kawaida hukufikishia biti ikiwa imechelewa milisekunde 150 hadi 250. Piga hesabu: kwenye BPM 100 pigo moja lina milisekunde 600, kwa hiyo kuchelewa 200 ni theluthi nzima ya pigo. Unaimba sawasawa na unachokisikia, ila unachokisikia kimekwisha pita.

Tumia hedifoni za waya. Bado patabaki ucheleweshaji mdogo wa simu yenyewe, na huo unarekebishika. Kabla ya kuimba, acha hesabu ya programu igonge mara nne huku ukipiga makofi juu yake. Ukimaliza, kuza picha ya mawimbi, angalia kofi liko umbali gani baada ya mlio wa hesabu, kisha isogeze njia nzima ya voko (mstari wake wa rekodi) kushoto, ianze mapema kwa kiasi hicho hicho. Ukishajua tofauti ya simu yako, kwa programu ile ile haibadiliki sana. Programu ya kurekodia ya BandLab ina sehemu ya kulipima hilo kwenye mipangilio.

Mengine ya simu: weka hali ya ndegeni, simu ikiita katikati ya ubeti rekodi inakatika. Maiki kuu mara nyingi iko chini, pembeni mwa tundu la chaji, basi usiifunike kwa kiganja. Na biti kwenye hedifoni ipunguze. Ikivuja ikaingia kwenye maiki, mwenye kumiksi hataweza kuigusa voko bila kuigusa biti.

mizani_kwanza

Naona wote mko kwenye vyuma. Niseme la maneno, maana maoni kuhusu mashairi ndiyo yanayotolewa ovyo kuliko yote. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: na-ku-PE-nda. Melodia ikiiangusha "nda" juu ya pigo la kwanza la baa (fungu la mapigo, mara nyingi manne) na kuikokota, msikilizaji anahisi kuna kitu kimepinda hata kama hajui ni nini. Kumwambia mtunzi "flow mbovu" hakusaidii. Mwambie: "mstari wa tatu, pigo linaangukia silabi ya mwisho, anza kuimba nusu pigo mapema."

Dawa ni kuusoma mstari kama unaongea, ukipiga meza kwa BPM ya wimbo, kabla ya kuuimba. Silabi zinazoangukiwa na kiganja ziwekee alama. Tahadhari na kuongeza silabi ili kujaza mizani: "nitasubiri" mkazo uko kwenye "bi", ukiifanya "nitasubiria" umehamia kwenye "ri", na melodia iliyokaa vizuri imeshahama pigo.

La pili ni pumzi. Baa moja ya mapigo manne inabeba silabi nane za nusu pigo na inajaa kabisa. Anayepanga mizani nane kwa nane, mstari baada ya mstari, hajajiachia pa kuvuta hewa, na ndiyo sababu mwisho wa ubeti unasikika umechoka. Punguza silabi mbili kila mwisho wa mstari wa pili. Hapo ndipo hata gitaa au kinanda kinapata nafasi ya kujibu.

sikio_la_usiku

Kwa wanaotumia biti za kupakua mtandaoni: ile ni faili moja iliyokwisha kumasta, yaani kupewa ukubwa wa mwisho, imejaa hadi juu. Ukiweka voko juu yake bila kuipunguza sauti, vyote vinagombana na kikomo cha sauti kinaviponda. Shusha biti 6 dB kwanza, uipunguze kama 2 dB kwenye eneo la kHz 2 hadi 4, ambako maneno ya voko husikika. Voko yenyewe kata chini ya Hz 80 kwa mwanamume, 100 kwa mwanamke. Kompresa (inayobana sehemu zenye sauti kubwa) iwe 3 kwa 1, ipunguze 3 hadi 6 dB kwenye mistari mikali. Ikipunguza 12, pumzi zitasikika kubwa kama maneno.

Usipige masta ya kushindana kwa ukubwa. YouTube na Spotify huushusha wimbo uliozidi takriban LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), kwa hiyo aliyeuponda wimbo wake anabaki na wimbo uliopondeka bila ule ukubwa. Kilele kiishie -1 dB.

Hili linahusu maoni pia. Ukilinganisha wimbo wa mwenzako na wimbo wa redioni, shusha ule wa redioni hadi zilingane kwa sikio. Usipofanya hivyo utasema "haina nguvu" wakati tofauti ni ukubwa wa sauti tu.

dada_kinanda

Kwenye kutoa maoni, mimi nataka tufuate utaratibu. Sikiliza mara ya kwanza bila kusimamisha, mara ya pili na kalamu. Andika dakika na sekunde, unachokisikia, kisha unachodhani ndiyo sababu. "1:12, 's' zinachoma, jaribu kupunguza kHz 5 hadi 8 hapo tu." Taja ulisikilizia nini, maana spika ya simu haitoi besi ya chini, na mtu akisikia "besi haipo" anaiongeza hadi inaharibu kwenye spika za gari. Na tenganisha mambo matatu: wimbo, uimbaji, rekodi. Rekodi ikiwa mbovu na melodia nzuri, sema yote mawili.

Wewe unayepokea, usibadilishe kitu kwa maoni ya mtu mmoja. Wawili wakiitaja sekunde ile ile bila kuonana, pana jambo, hata kama tiba walizokupa hazifanani. Hifadhi toleo kwa namba kabla ya kugusa: wimbo_v1, wimbo_v2. Ukituma la pili, taja ulichobadilisha, waliosikiliza la kwanza wajue waende wapi moja kwa moja.

mgeni_wa_biti

Asante kaka kebo_tatu, nimekuelewa kuhusu waya. Swali la mwisho: makofi yale niyaache kwenye faili ninayotuma?

kebo_tatu

Yakate kwenye MP3 ya kusikiliza. Kwenye WAV za anayekumiksia yaache, na kila njia ianzie sifuri hata kama sauti inaingia dakika ya pili, ili akizipanga zikae mahali pake zenyewe.