Nyumba ya Yamnoye: ni Voronezh au siyo Voronezh?

Kutoka: mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Voronezh, Urusi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za masomo. Mimi na mwenzangu tumechoka na bweni. Tumepata nyumba Yamnoye, pale jiji linapoishia, na basi linafika. Kodi ni nafuu. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mkarimu sana, na registratsiya (kuandikishwa uhamiaji kwamba tunakaa kwake) amekubali kutufanyia. Ila ameniambia, "Sisi huku ni rayoni ya Ramon." Mimi tangu nifike najua niko rayoni ya Kominternovsky. Hiyo Ramon ni kitu gani? Kuna tofauti, au ni jina tu?

Kutoka: dada wa Ramon

Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujabeba godoro, kwa sababu tofauti ipo na mimi ilinitoa jasho.

Nilipohama kutoka mjini mara ya kwanza, nilimchukua mwenye nyumba wangu tukaenda ofisi ileile ya uhamiaji niliyoizoea. Ilikuwa Februari, tukapanga foleni kabla hakujakucha. Tulipofika dirishani, yule dada wa ndani alishusha kidole kwenye hati ya nyumba, akakisimamisha kwenye maneno mawili tu: *Рамонский район*, yaani rayoni ya Ramon. Akaturudishia karatasi zote. Hiyo ilikuwa siku ya sita ya kazi tangu nihame, na sheria inatoa siku saba za kazi. Kesho yake tulikuwa Ramon mlango haujafunguliwa.

Kinachowachanganya wengi ni neno lenyewe. Ndani ya jiji la Voronezh kuna rayoni sita, na hiyo Kominternovsky yako ni mojawapo. Hizo ni sehemu za jiji, kama unavyosema Ilala au Temeke. Nje ya jiji, oblasti nzima, yaani mkoa, imegawanywa katika rayoni zaidi ya 30, na hizo ndizo wilaya hasa, zenye makao makuu, baraza, hospitali na mahakama. Ramonsky, ndiyo hiyo rayoni ya Ramon, ni mojawapo ya hizo. Mgawanyo huu ulianza 1928, ulipochukua nafasi ya ule wa zama za wafalme. Yamnoye ni selo, yaani kijiji, ndani ya Ramonsky, hata kama kutoka dirishani unayaona maghorofa ya jiji.

Wilaya yenyewe iko kaskazini ya jiji na inapanda mpaka kugusa oblasti ya Lipetsk. Magharibi kuna mto Don, na mto Voronezh unateremka kuelekea kusini. Ukisimama Ramon penyewe, makao makuu ya wilaya, kwenye ukingo wa juu wa kulia wa mto Voronezh, nyuma yako ni udongo mweusi wa mashamba, ngano na viazisukari. Ng'ambo ya mto ni mchanga na misonobari, msitu wa Usman. Ramon ina hata taasisi ya utafiti wa viazisukari, na kasri la matofali mekundu la karne ya 19 lililokuwa la binti mfalme Eugenia wa Oldenburg. Siku ukipata nafasi nenda ukalione, ni zuri mno. Barabara kuu ya M4 inakatiza wilaya hii, na uwanja wa ndege wa Voronezh uko hukuhuku, Chertovitskoye. Umefungwa tangu Februari 2022, lakini waliokuwa wakitua pale walikuwa wanaikanyaga Ramonsky kabla ya Voronezh, na wengi hawakujua.

Sasa kazi za kila ngazi. Oblasti ichukulie kama mkoa, rayoni wilaya, na chini yake kuna *selskoye poseleniye*, ambayo naifananisha na kata: vijiji kadhaa chini ya ofisi moja. Uongozi wa rayoni unashika shule na barabara za wilaya. Ila polisi na uhamiaji ni mkono wa serikali kuu ya Moscow, si wa mkuu wa rayoni. Kwa hiyo usipoteze siku kumwomba mkuu wa kata akusaidie registratsiya, hata akiwa mtu mwema kiasi gani.

Utakapohama, mwambie mama mwenye nyumba ajaze taarifa ya kufika kwako. Wewe mpe nakala ya pasipoti na ya kadi ya uhamiaji. Taarifa inapokelewa ofisi ya uhamiaji ya wilaya, au hata kupitia posta. Kile kipande cha chini chenye muhuri ni chako, kitunze. Na uwaarifu chuo siku hiyohiyo, maana anwani yao ya zamani ni bweni.

Jambo la mwisho naomba ulishike kuliko yote. Karibu kila selo huku ina mtaa wa Lenin na mtaa wa Sovetskaya. Majina ya vijiji nayo yanajirudia, Aleksandrovka ziko nyingi ndani ya oblasti hii hii. Usiku mmoja mtoto wangu alipandwa na homa akaanza kutetemeka. Nikapiga 103, namba ya gari la wagonjwa, kwa kiwewe nikataja mtaa na namba ya nyumba tu. Yule wa upande wa pili akaniuliza mara tatu, "Rayoni gani? Selo gani?" na mimi nalia tu. Tangu siku ile kuna karatasi mlangoni kwangu:

*Воронежская область, Рамонский район, село…*

Yaani oblasti ya Voronezh, rayoni ya Ramon, kisha selo: kubwa kwanza, dogo mwisho. Andika ya kwako siku ya kwanza, mwenzako naye ajue kuisoma. Mchana kwa magonjwa madogo uliza ilipo FAP, zahanati ya kijiji yenye tabibu. Kubwa zaidi ni hospitali ya wilaya, Ramon.

Kutoka: kaka wa Moscow oblasti

Dada amemaliza. Naongeza tu kwa walio pande zangu: msiitafute rayoni kwenye anwani, zimegeuzwa okrugi, aina nyingine ya wilaya, na ngazi ile ya kata imeondolewa. Tangu 2019 sheria imeruhusu okrugi hizo hata kwa maeneo ya vijijini, kwa hiyo mikoa haifanani. Soma hati ya nyumba kama ilivyo, usiandike kwa mazoea.

Kutoka: mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Dada, Mungu akubariki. Tumehama Jumamosi, Jumanne mama akatupeleka Ramon kwa gari lake, muhuri tumepata. Chuo nimewapelekea nakala. Karatasi iko mlangoni, na mwenzangu ameniomba nimwandikie na matamshi kwa herufi zetu. Mtoto anaendeleaje?

Kutoka: dada wa Ramon

Mzima kabisa, yuko darasa la pili. Jumapili njooni mle wali.