Wiki ya kukaribisha wanafunzi wapya ni hotuba tupu, halafu Januari mnauliza wameenda wapi

Wadau, huu uzi ni wa hasira, na unawaendea wakuu wa vyuo vikuu vyetu huku Kenya, kuanzia Kisumu, Kakamega na Bungoma hadi Njoro. Kila Agosti na Septemba ni yaleyale. Mtoto wa kwanza kukanyaga chuo katika ukoo mzima anashuka matatu na sanduku lake la bati la sekondari, anaketishwa hemani siku tatu, anasomewa historia ya chuo, maono ya chuo, na kwaya juu yake. Hakuna anayemwambia kwamba asiposajili yuniti zake (masomo ya muhula) kwenye potali ya chuo kabla ya siku ya mwisho, jina lake halitakuwemo kwenye orodha ya mtihani, hata kama hakukosa kipindi hata kimoja.

Tuanze na simu, maana hapo ndipo mambo huharibikia. Fomu za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, nyingi hujazwa saibani, yaani kwenye maduka ya kompyuta na intaneti. Mwenye saiba ana foleni mlangoni, kwa hivyo anafungua barua pepe yeye mwenyewe, anaweka nenosiri analolijua yeye, na wakati mwingine namba yake ya simu. Miezi miwili baadaye mwanafunzi yuko Njoro na msimbo wa kuthibitisha unaingia kwenye simu ya mtu aliye Port Victoria. Mwingine laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha mamake. Mwingine cheti cha kuzaliwa kinasema Wafula, cha KCSE kinasema Waffula. Haya yote yanatibika siku ya kuripoti: meza moja, watu wawili wenye subira, laini kwa jina lake, barua pepe yake, nenosiri kwenye daftari, na majina yasomwe herufi kwa herufi kwenye vyeti vyote. Hata dakika ishirini haziishi. Kwaya inachukua zaidi.

Kisha pesa zenyewe. Bendi tano za ufadhili wa serikali zilizotangazwa 2024 ziliweka mzigo wa familia kwenye asilimia 5 ya gharama ya kozi kwa bendi ya kwanza, ya wahitaji zaidi, na asilimia 40 kwa ya tano. Yatima anayelelewa na nyanya yake akitupwa bendi ya nne, anadhani serikali imeshakata kauli. Rufaa ipo! Aende na barua ya chifu na vyeti vya vifo, mapema. Na mkopo huombwa upya kila mwaka. Wa mwaka wa pili wengi hukaa wakisubiri pesa ambazo hawakuziomba.

Pesa za kujikimu nazo hazingojei mtu langoni, huchelewa wiki nyingi. Mwenye nyumba Lurambi au Nyawita anataka kodi na diposti siku hiyohiyo. Mzazi ameuza ng'ombe, amelipa karo, anarudi nyumbani akijua kamaliza. Kwa nini barua ya kujiunga isimwandikie wazi: kodi, diposti, godoro, mafuta ya stovu, unga wa miezi miwili?

Darasani sasa. Katika vyuo vingi kati (CAT, yale majaribio ya katikati ya muhula) ni alama 30, mtihani 70, kupita ni 40. Kati inatangazwa usiku kwenye kundi la WhatsApp, na asiye na bando anaikosa. Akizikosa zote, anahitaji 40 kati ya 70, yaani asilimia 57 ya mtihani, ili apate tu ile 40. Akianguka anaenda sapu, mtihani wa marudio, ambako kwa kawaida hata akiandika kama profesa anarekodiwa 40. Hesabu hii haimo katika hotuba yoyote ya mkuu wa kitivo.

La kuudhi kuliko yote ni ugonjwa na ukata. Mtoto wa kijijini akiugua, anapanda gari kimya kimya anaenda kwao, kama alivyozoea. Anarudi bila barua ya hospitali, mtihani umepita, na mtihani maalum hapewi kwa sababu ombi na barua vilitakiwa mapema. Pesa zikiisha, vilevile anatoweka. Karatasi moja ya kuahirisha masomo kwa msajili ingemhifadhia nafasi yake. Asiyeiandika huhesabiwa mtoro, na kurudi kunakuwa vita.

Mtaniambia kuna ofisi ya ushauri. Ipo, mlango una kufuli saa nane mchana, na mtoto aliyezoea kuitwa ofisini ili achapwe hawezi kugonga. Mpeni mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka kaunti yake, mmoja kwa kila wapya wanane, amsake wiki ya tatu na ya sita, maana wiki ya kwanza kila mtu anatabasamu.

Kama kuna chuo huku ambacho kimewahi kumwandikia mzazi barua ya kujiunga kwa Kiswahili, Kiluhya au Dholuo, aliye nayo aipige picha aiweke hapa chini.