Mjadala: Plockton iwekewe ukomo wa nyumba za likizo?

Mleta mada: Wakuu, Plockton ni kijiji cha pwani ya magharibi, Nyanda za Juu za Uskoti. Nyumba zake nyeupe zimeupa mgongo upepo wa magharibi, zinatazama maji ya Loch Carron, na ufukweni kuna miti utakayodhani ni michikichi. Siyo, asili yake New Zealand, inastawi pale kwa sababu mkondo wa Atlantiki hupunguza makali ya baridi. Wageni hawaishi kuipiga picha. Mimi nauliza: usiku wa Januari, madirisha mangapi yana taa?

Kijiji kilipangwa mwanzoni mwa karne ya 19, zama ambazo wenye ardhi waliwahamisha wakulima mabondeni kupisha kondoo. Wengi wakasukumwa pwani, wakaambiwa wavue heringi. Leo kitukuu wa mvuvi anashindania nyumba ileile na mtu mwenye mshahara wa London. Tangu Aprili 2024 mabaraza ya serikali za mitaa yanaruhusiwa kuitoza nyumba ya pili kodi maradufu. Haitoshi! Mwenye nazo atalipa tu. Nataka ukomo: nyumba za likizo zikifika idadi fulani, basi.

Mchangiaji 1: Mkuu, heringi zenyewe ziko wapi? Bila mgeni, yule kijana anayehudumu hotelini atakula nini? Na wapangishaji wengine ni wazawa, bibi ana chumba kimoja cha ziada na tayari anadaiwa leseni. Ukomo wako utamkaba yeye kwanza.

Mchangiaji 2: Chumba cha bibi na nyumba inayofungwa miezi tisa si kitu kimoja. Msichanganye.

Mleta mada: Hapo kwa bibi nimekubali, anayeishi mlemle aachwe. Lakini kuna njia nyingine hamjaigusa. Sheria ya Uskoti ya 2003 inakiruhusu chombo cha makazi vijijini kiuze nyumba au kiwanja kwa sharti linaloandikwa kwenye hati: kila ikiuzwa tena, chombo kina haki ya kwanza kuinunua. Nyumba hairuki kirahisi kwenda kwa mwenye fuko kubwa.

Mchangiaji 1: Sawa, ila hiyo ni kwa nyumba mpya. Zile nyeupe za ufukweni zimeshauzwa. Na kiwanja cha hizo mpya atakitoa nani, kabaila?

Mleta mada: Hapo umenishika. Anayejua aseme.