Naomba ushauri: trikoderma kwenye shamba lenye mnyauko fuzari

Wakuu, habari za mashamba. Nipo Muleba, Kagera. Migomba yangu ya kisukari inakuwa njano kuanzia majani ya chini, na nikipasua shina nakuta michirizi ya kahawia. Usaha wa njano hakuna, kwa hiyo si mnyauko bakteria. Ya ndizi za kupika, hatua tatu tu pembeni, imesimama imara!

Naona ni mnyauko fuzari, ugonjwa unaoletwa na kuvu ya udongoni. Kuvu hii najua huingilia mizizini na kuziba njia za maji, tena hukaa udongoni miaka mingi. Sasa nauziwa trikoderma, kuvu rafiki ambayo mzizi huikaribisha na kuamsha kinga yake. Niipake miche ya tishu (ile inayozalishwa maabara) ikiwa bado kitaluni, au niimwage kwenye shimo la kupandia? Nani amejaribu kwenye udongo ulioambukizwa tayari?