Nina kilo 60, mkufunzi anataka nipande na 56. Niache ujoki niende kwenye ukufunzi?

Saisi_Mrefu:
Wakuu, naombeni ushauri. Wenye kejeli mpite tu.

Nina miaka 21. Niliingia zizini nikiwa na 15, nikaanza na koleo na toroli la mavi, nikawa saisi, yaani mtunza farasi, na mwaka wa tatu huu napanda mashindanoni kama joki chipukizi. Nimeshinda mara 14. Nilipoanza nilikuwa na kilo 50. Leo nimelala na njaa na mizani bado inasoma 59.8, urefu sentimita 175. Na sijamaliza kukua, viatu vya mwaka jana havinitoshi.

Mwezi uliopita nilipewa farasi aliyepangiwa kubeba kilo 56, yaani mimi pamoja na tandiko. Nilikuwa na siku tano. Nikakimbia na koti la nailoni chini ya sweta mbili, nikajiloweka kwenye maji ya moto yenye chumvi, maji ya kunywa nayasukutua na kuyatema. Mizani nilipita kwa gramu chache. Kufika kwenye farasi, vidole vikashindwa kufunga kamba ya kofia, ikabidi saisi anifungie kama mtoto wa chekechea. Tulikwenda vizuri hadi mita 300 za mwisho, hapo mikono ikafa. Farasi anataka kusukumwa, mimi nimelala shingoni kwake kama nguo kwenye kamba. Tukashindwa kwa urefu wa kichwa. Mwenye farasi hakunisalimia, na farasi kapewa mtu mwingine.

Mkufunzi kanipa njia mbili: nishuke hadi 55, ili na tandiko iwe 56, na nibaki hapo, au niache kupanda niwe msaidizi wake kwa mshahara wa mwezi. Mama hataki kusikia habari ya kuacha, anasema jina ndiyo limeanza kutajwa. Na mimi nikishuka kwenye tandiko sijui nitakuwa nani.

Kingine, labda hakihusiani: wiki jana napapasa miguu jioni, nikasikia moto kidogo kwenye mguu wa mbele wa kushoto wa farasi jike mmoja, nyuma ya mfupa. Nikasema, nikachekwa. Siku ya tatu akaanza kuchechemea.

Hatamu_Legevu:
Kata miguu mkuu, sentimita 20 tu zinatosha 😂

Joki_Mstaafu:
@Hatamu_Legevu wewe hujawahi kulala na kiu ukaota mto.

Mdogo wangu, nimepanda miaka 17, naongea ninachokijua. Kuna hesabu hujaiona. Chipukizi hupewa punguzo la uzito, farasi wake anabeba pungufu. Uingereza, kwa mfano, mbio za tambarare, zile zisizo na vizuizi vya kuruka, unapunguziwa ratili 7, yaani kilo 3 na ushee, mpaka ushinde mara 20. Halafu 5 mpaka 50, halafu 3 mpaka 95, baada ya hapo huna kitu. Wewe una 14. Kadiri unavyoshinda punguzo linakwisha, na mwili wako nao unaongezeka. Ukishuka hadi 55 leo, mwakani utaambiwa 53.

Tena usidanganywe kwamba kipaji kinashinda mizani. Fred Archer alikuwa bingwa wa majoki Uingereza mara 13, mtu mrefu kama wewe, maisha yake yote anapigana na njaa. Mwaka 1886, akiwa na homa na mwili umekwisha kwa kujikondesha, alijiua. Alikuwa na miaka 29. Sikutishi. Nakuuliza tu: ukiwa na kiu ya siku tatu unakuwa na mawazo gani usiku? Kama ni mabaya, mwambie daktari wa mbio kabla hujamwambia mtu yeyote humu.

Kiunzi_cha_Tatu:
Mbona hakuna anayemtajia mbio za kuruka viunzi? Kule kilo 63 na kuendelea ni kawaida. Tony McCoy alianza tambarare kama chipukizi, akavunjika mguu, alipopona mwili ukawa umeshakuwa mzito. Akahamia viunzi, akawa bingwa misimu 20 mfululizo na kushinda zaidi ya mbio 4,300. Mrefu vilevile.

Joki_Mstaafu:
Kweli, ila malizia hadithi. Hata huko alikuwa anajikondesha kila wiki, na mifupa aliyovunja haihesabiki kwa vidole. Viunzini kuanguka hakuna kama, kuna lini tu. Gari la wagonjwa linafuata kila mbio kwa nyuma, na halifuati kwa ajili ya farasi. Kama roho yako iko huko, nenda. Kama unaenda kwa sababu ya mizani tu, utakuwa unamkwepa chui kwa kuingia kwenye pango la simba.

MamaKwato:
Mwanangu, mimi ni mkufunzi, nina farasi 11 zizini. Umeandika aya nzima kuhusu uzito, na ule mguu ukauweka mwishoni kama kitu cha kuombea radhi. Mimi nimeusoma mguu mara mbili.

Kusikia moto kwenye mshipa siku mbili kabla farasi hajachechemea, hilo simfundishi mtu kwa mwezi. Kuna niliowafundisha miaka na bado wanapapasa kama wanatafuta funguo gizani. Farasi Red Rum alikuwa na ugonjwa wa mfupa wa ukwato. Mkufunzi wake, Ginger McCain, alikuwa akiuza magari na kuendesha teksi, akawa anamkimbiza ufukweni na kumtembeza kwenye maji ya bahari. Farasi huyo akachukua Grand National, mbio kubwa za viunzi za Uingereza, mara tatu: 1973, 1974 na 1977. Pale kazi ilikuwa miguu.

Ila nisikupambie. Joki akishuka, akipima uzito, siku yake imekwisha. Mimi saa kumi alfajiri niko zizini, saa tatu usiku naongea na mwenye farasi anayetaka kujua kwa nini wake kawa wa sita. Huwezi kumwambia kwamba wake ni wa sita tu. Ada ya kila siku anayolipa inaishia kwenye chakula, mishahara na mtu wa viatu vya farasi. Faida iko kwenye fungu la zawadi, na zawadi haina miadi. Akichukia, anapakia farasi kwenye lori na kumpeleka kwa jirani yangu. Nimelia kwa ajili ya lori.

Kiunzi_cha_Tatu:
Kuhusu "nitakuwa nani": Fred Winter, bingwa wa viunzi, alipoacha kupanda 1964 aliomba kazi ya kutoa ishara ya kuanza mbio, wakamkatalia. Akaangukia ukufunzi kwa kukosa kingine. Msimu wake wa kwanza, 1965, akashinda Grand National na farasi Jay Trump, na mwaka uliofuata tena na Anglo.

MamaKwato:
Huyo ni mmoja kati ya wengi sana. Kijana, kabla hujakubali usaidizi, muulize mkufunzi wako mambo mawili tu. Utakaa naye anapoongea na wenye farasi, au utabaki na toroli kwa jina jipya? Na asubuhi ataendelea kukupandisha kwenye mazoezi? Mazoezini kilo 60 hazimsumbui mtu, na shoti ya alfajiri ndiyo inayokuambia farasi ana nini.

Saisi_Mrefu:
Asanteni sana, hasa Joki_Mstaafu, nimeelewa swali lako na kesho namwona daktari. Lile la kukaa na wenye farasi sikuwa nimelifikiria. Mkufunzi huwa anatufungia mlango. Nitamuuliza Jumatatu. Mama bado sijamwambia.

MamaKwato:
Na yule jike anaendeleaje?

Saisi_Mrefu:
Amepumzishwa. Mimi ndiye namwagia maji baridi, asubuhi na jioni, dakika 20. Leo moto umepungua, ila upande wa ndani, vidole vinne chini ya goti, bado upo.