Mjadala: Dakika kumi za msamiati na sarufi kila siku, zibaki au zifutwe?

Mleta mada (Masasi): Kipindi cha Kiswahili ni dakika 40, na walimu wengine hutenga 10 za mwanzo kwa maneno na sarufi. Wanaopinga wanapiga hesabu: vipindi vitano kwa wiki ni dakika 50, zaidi ya kipindi kizima, na kinachoumia ni kusoma. Mimi nasema zibaki. Maneno matano yanatosha, matatu mapya na mawili ya nyuma. Neno jipya lisiporudiwa limekwenda na maji. Kila neno litungiwe sentensi yenye kionyeshi, kivumishi na kitenzi.

Tuchukue mti wa hapa kwetu: "Mkorosho huu mkubwa umezaa. Bibo hili bivu limeanguka. Korosho hii mbichi imeokotwa." Mti mmoja, ngeli tatu. Sasa geuza wingi: mikorosho hii mikubwa imezaa, mabibo haya mabivu yameanguka, korosho hizi mbichi zimeokotwa. Umeona mtego? "Hii" ni umoja kwa korosho, ni wingi kwa mikorosho. Mtoto hujikwaa papo hapo, akaandika "mikorosho hizi". Jedwali la ngeli ukutani halimwoneshi hilo.

Mchangiaji (Nachingwea): Zifutwe. Wanafunzi 80 mara sentensi 5 ni sentensi 400 kwa siku, nani anasahihisha? Kinachotokea kinajulikana: jibu linaandikwa ubaoni, watoto wananakili, daftari linapendeza, kichwani patupu. Halafu kile kiitikio cha "ki-vi, li-ya, u-i"! Muulize aliyekikariri kuhusu kifaranga, atakwambia "kifaranga hiki kimekufa", kwa kuwa amefundishwa kutazama herufi za mwanzo, si kiumbe. Ni kifaranga huyu amekufa, kipepeo huyu ameruka, samaki hawa wameoza. Mtoto anayesoma kurasa mbili kila siku huyaokota hayo bila kiitikio.

Mleta mada: Mkuu, hesabu ya 400 ni sahihi, ndiyo maana hazisahihishwi zote. Sentensi itamkwe kwanza, kisha iandikwe, kisha wabadilishane madaftari. Mwalimu akusanye mstari mmoja wa madawati, madaftari 10. Siku 8 amelimaliza darasa. Kosa linalojirudia humo ndilo zoezi la kesho. Na jibu lisikae ubaoni kabla kalamu hazijawekwa chini.

Mchangiaji (Kilwa Kivinje): Mnagombania ngeli, r na l mmeziacha? Kimakonde, Kiyao na Kimwera havitenganishi sauti hizo kama Kiswahili, kwa hiyo "amepiga kula" si uzembe wa tahajia, ni sikio. Kalamu nyekundu haitibu sikio. Mwalimu ataje jozi: kura/kula, mahari/mahali. Wakisikia r wainue mkono wa kulia, l wa kushoto, macho wamefumba ili wasiigane. Dakika mbili zinatosha. Kuandika baadaye.

Na mtoto akiandika "mkanju" asikatwe alama. Ni kisawe cha mkorosho, Kiswahili halali kabisa.

Mchangiaji (Nachingwea): La sikio nakubali. Hizo dakika nane zilizobaki nazikubali kwa sharti moja: maneno yatoke kwenye kifungu kinachosomwa dakika ya 11. Leo "stakabadhi" halafu kifungu kinahusu sungura, huo ni upotevu wa chaki.

Mchangiaji (Mikindani): Na aliyekosa shule siku ya kwanza ya neno?

Mleta mada: Maneno mapya ya wiki hayazidi 15. Yaandikwe kwenye karatasi ya manila, yabaki ukutani wiki mbili, kila neno na sentensi yake moja. Aliyekosa aanze na sentensi, maana aulize kwa jirani. Sharti la Nachingwea nalichukua, ila Ijumaa iwe ya marudio tupu, bila kifungu.

Mchangiaji (Nachingwea): Ijumaa hapana. Hapo bado tunabishana.