Faker na makombe ya T1: anawabeba vijana, au vijana ndio wanaombeba?

Mleta mada

Wakuu, tangu T1, klabu ya Korea Kusini, waifunge KT Rolster 3-2 kule Chengdu, China, Novemba 2025 na kutwaa kombe la dunia la League of Legends, gemu ya kompyuta ya timu za watu watano, mara ya tatu mfululizo, kuna ubishi ambao haujapoa. Lee Sang-hyeok, yaani Faker, bado anaibeba timu au timu ndiyo inayombeba? Naweka msimamo wangu mapema: kwangu mimi huyu ndiye mchezaji mkubwa kuliko wote waliowahi kushika kipanya, na sababu yangu si wingi wa makombe.

Makombe anayo sita: 2013, 2015, 2016, 2023, 2024 na 2025, yote na klabu moja, ile iliyoitwa SK Telecom T1 zamani. Sasa tazameni pengo lililopo kati ya 2016 na 2023. Fainali ya 2017 ilichezwa Beijing, Samsung Galaxy wakawachapa 3-0. Katika mchezo wa mwisho Faker alikuwa na Karma, mmoja wa wahusika wa gemu hiyo. Ruler wa Samsung, akiwa na mhusika Varus, akaruka mbele ghafla na kumnasa kwa minyororo, mchezo ukaishia hapo. Faker akabaki kwenye kiti, uso mikononi, analia mbele ya uwanja mzima. Mwaka uliofuata timu haikufuzu hata kwenda kombe la dunia. Mwaka 2020 akawekwa benchi, kijana akacheza nafasi yake ya njia ya kati, moja ya njia tatu za uwanja wa gemu. Mwaka 2022 wakafika fainali San Francisco, wakalala kwa DRX 3-2.

Wachezaji wengi wa gemu hii huaga wakiwa na miaka ishirini na kitu. Yeye angeweza kwenda zake kurusha gemu mtandaoni na kula jina lake. Alibaki, na zaidi ya kubaki, alikubali kubadilika. Faker wa 2013 alikuwa na miaka 17, na kazi yake ilikuwa kuua. Nani hajaona mhusika wake Zed dhidi ya Zed wa mpinzani wake Ryu, uhai umebaki kiduchu, halafu anageuza kibao? Faker wa fainali ya London 2024 ni mtu mwingine. BLG, klabu ya China, wanaongoza 2-1. Mchezo wa nne anachukua Sylas, wa tano Galio, na mara kwa mara anaingia yeye kwanza katikati ya maadui, anakula kipigo chote ili wenzake walio nyuma wapate nafasi ya kupiga. Akatajwa mchezaji bora wa fainali. Mtu aliyezoea kuwa nyota tangu utotoni kukubali kuwa ngao ya wenzake, hilo ndilo ninaloliheshimu.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji 1

Heshima kwako mkuu, ila umechagua fainali inayokufaa. Seoul 2023 mchezaji bora alikuwa mwenzake Zeus. Chengdu 2025 alikuwa mwenzake Gumayusi. Ile dhahabu ya Michezo ya Asia kule Hangzhou, iliyowaondolea utumishi wa jeshi, nusu fainali na fainali alicheza Chovy, Mkorea mwingine wa njia ya kati, Faker akiwa mgonjwa. Na tukizungumzia uchezaji wenyewe wa njia ya kati, dakika kwa dakika, Chovy amemzidi kwa miaka kadhaa sasa. Wenzake wa T1, Oner, Gumayusi na Keria, nao wana makombe matatu mfululizo. Nani anawaimba? Mapenzi yetu kwa mkongwe yanawala vijana jasho lao, na hilo si haki.

Mchangiaji 2

Ndugu yangu, mbona umeiruka Julai 2023? Mkono ulimuuma, akakaa nje. Wale wanne unaowataja walikuwepo wote, njia ya kati akaingia kijana kutoka akademi. Katika mechi nane walishinda moja. Moja! Aliporudi, Novemba ya mwaka huo huo wakawa mabingwa wa dunia. Vidole vya Chovy ni vyepesi, sikatai. Lakini pambano la timu linaamuliwa na sauti: nani anasema "tuingie sasa", nani anasema "rudini", na wenzake wanamwamini kiasi gani. Hilo halionekani kwenye jedwali la mauaji na vifo.

Mchangiaji 3

Mimi ni mzazi, nasoma humu kwa sababu mwanangu hana habari nyingine. Huo mkono ndio unaonitisha. Mnausifu uvumilivu wake, lakini watoto wanaiga saa alizokaa kwenye kiti. Mwanangu anajua kila mhusika ambaye Faker amewahi kucheza naye. Hakujua kwamba huyo huyo anasifika kwa kupenda vitabu, wala kwamba siku zote anasisitiza kujifunza kuliko matokeo. Mngewaeleza na hayo.

Mleta mada

Mama, umesema kweli, na ningependa vijana wote humu wasome ulichoandika. Akili yake ndiyo iliyomfikisha hapa. Saa za mazoezi kila mchezaji wa Korea anazo, na wengi wameshasahaulika.

Mchangiaji 1, kuhusu Keria na wenzake nakubali, wanastahili kuimbwa zaidi. Ila mkataba wa Faker umeongezwa hadi 2029, atakuwa na miaka 33. Nikuulize moja kwa moja: leo akitokea kijana wa akademi anayemzidi mazoezini, unamweka Faker benchi?

Mchangiaji 1

Namweka. Mwaka 2020 walimweka na klabu haikufa. Jina lisimzuie mtoto wa watu kucheza. Ila kabla sijamkabidhi nafasi hiyo moja kwa moja, nataka nimwone kwanza kwenye mchezo wa tano wa fainali, timu zimetoka 2-2.